Mbuzi Amefika, Mama, na Farasi Pia

Likasi, mvua za kwanza

Mama,

Mbuzi amefika. Kwa hiyo leo ninaweza kukuita wewe.

Nilitaka kuanza na salamu ndefu kama inavyostahili, lakini nimeishi nawe miaka minne nyumba moja bila kukuelekezea neno hata moja, na sasa mdomo wangu uko kama bomba la mtaa wetu: maji yakikubali kuja, yanakuja yote na tope lake. Utanivumilia. Kuku nimemfukuza uani ili tuongee sisi wawili tu. Amesimama mlangoni, amenuna.

Hajachinjwa, kabla hujauliza. Wakati wa matanga binamu zako walimtazama kwa jicho la chungu, lakini Umba, binti yako, mke wangu, akawaambia, "Ile kuku inajua mambo yote ya hii nyumba. Tangu lini banakula shahidi?" Wakala maharagwe.

Mengine yamebadilika. Nchi ina jina jipya. Ulifia Zaire, tukakuzika Zaire, na sasa umelala Kongo bila kufunga hata mzigo. Bendera nyingine, askari wengine. Mshahara wa walimu peke yake haujabadilika: bado haupo. Umba ndiye anayekaanga karanga zako, mbele ya soko, kwenye kigoda chako kile kile, na wateja wanalalamika kwamba chumvi imezidi. Ninawaambia ni machozi. Si kweli, ni mkono mzito tu, lakini wanaona haya na wananunua.

Najua hujui kusoma, kwa hiyo huko uliko lazima kuna mtu anayekusomea barua hii. Kama si mtu wa kwetu, mweleze mambo ya bukwe asije akatuona wendawazimu. Mwambie kwamba kwetu mwanamume hamwangalii mama mkwe wake usoni, hali naye, hamsemeshi. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Na hali inabaki hivyo mpaka mkwe atoe mbuzi wa kufungua uso. Zamani ilikuwa kazi rahisi. Zamani mama mkwe alikaa kijijini kwake, na mkwe alikuwa na mshahara.

Wewe ulishuka kwenye treni ya Luena na mafurushi mawili na kuku, mwaka viwanda vilipoanza kuzimika kimoja kimoja, ukaja kukaa katika nyumba ya vyumba viwili. Unakumbuka sheria tulizotunga? Nikifika langoni nikohoe mara tatu. Ukikohoa mara moja, nisubiri. Mara mbili, nipite, umegeuka ukutani. Mpango mzuri sana, mpaka juma lile tuliposhikwa na mafua wote wawili. Nilikohoa, ukakohoa, nikakohoa, ukakohoa. Mvua ilininyeshea langoni hadi viatu vikavimba, na majirani walidhani Umba amenifukuza.

Umba alikusihi unisamehe mbuzi. Alisema mwalimu halipwi, atamtoa wapi? Ukajibu, "Mbuzi ni mbuzi." Nikatafuta jogoo, jogoo mzuri mwekundu, nikamtuma Umba na jogoo. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nilisikia kwa masikio yangu: "Jogoo inafungua asubui. Haifungue uso." Nilikasirika, Mama. Leo naweza kukuambia. Nilikasirika siku tatu, halafu nikacheka darasani peke yangu, wanafunzi wakaandika kicheko hicho kwenye imla.

Basi tukabaki na kuku wako. Ulikuwa ukimwambia yeye, nami ninasikia. Nami nikamjibu yeye, nawe unasikia. "Kuku, ambia ule muntu supu iko na moto." "Kuku, mwambie Mama asante." Kuku alikuwa anakula mchwa na hakumwambia mtu neno, lakini mambo yalikwenda.

Sasa nije kwenye vitabu, maana hapo ndipo ulipoweka mkono wako katika maisha yangu bila kujua.

Nilikuwa mtu wa kusoma. Niulize utoto wangu, nilisoma hata maandishi ya mifuko ya saruji ya Kakontwe, mbele na nyuma. Halafu nikawa mwalimu wa Kifaransa, na miaka kumi na minane nikasahihisha insha moja: faida na hasara za safari. Kila mwanafunzi wa mji huu anajua kwamba safari hufundisha, na kwamba safari huchosha. Nimeisoma sentensi hiyo kwa miandiko yote ambayo Mungu ameumba. Ikaja ile miaka ya shule kufungwa, ya uporaji, ya mikutano ya kudai mshahara, na siku moja nikagundua kwamba nikiona maandishi kichwa kinaniuma. Dawa nilimpa Umba anisomee karatasi yake. Kwa jirani yetu kulikuwa na kibao langoni, herufi kubwa kama mkono, kinachosema mbwa ni mkali. Sikukisoma. Kovu ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo wewe ulipoanza kuuza karanga na ukakosa karatasi za kufungia, nilikupa kabati langu lote. Umba alilia. Mimi nilihisi nimetua mzigo. Kamusi iliondoka kwa majuma matatu. Sarufi ilikwenda upesi zaidi, ilikuwa na karatasi laini. Halafu ukafikia kitabu kimoja kinene kisicho na jalada, riwaya ya Kifaransa niliyoachiwa na mwalimu mwenzangu aliyehama. Sikuwahi kuifungua. Nawe hukujua kitabu kinaanzia upande gani, ukakiweka juu ya goti ukaanza kukichana kutoka nyuma.

Hilo tu. Ulichana kutoka nyuma.

Siku chache baadaye ukamwita kuku kwa sauti ya hofu. Wateja walikuwa wanarudi. Hawakurudi kwa karanga. Karani wa posta, ambaye siku hizo hakuwa na barua ya kugonga muhuri, alikuja mara mbili kwa siku moja na kuuliza kama una karanga za ukurasa uliotangulia. Ukasema, "Kuku, ambia mwalimu aangalie hii makaratasi. Batu banarudia kuuliza ingine. Kama ni politike, miye siende Buluo juu ya kalanga." Nawe ulikuwa na haki ya kuogopa, gereza la Buluo limewameza watu kwa makosa madogo kuliko karanga. Ukapitisha karatasi moja chini ya dirisha.

Niliichukua kama mtu anayeokota panya. Ukurasa wa 187. Nilisoma nimesimama, nikitafuta jina la mkuu yeyote wa serikali. Kulikuwa na mwanamke, Adela, mwenye nyumba ya wageni katika nchi ya baridi. Mume wake Teofili alikwenda mnadani kununua farasi, miaka saba imepita. Adela amekaa dirishani, anasikia mtu anabisha. Ananyanyuka, anashika kitasa.

Nikageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na mistari miwili tu, bado ameshika kitasa, kisha mwisho wa sura na mahali peupe.

Mama, nilipiga kelele. Ukurasa wa 189 ulipaswa kufuata palepale na haukuwapo. Nikamwuliza kuku ukurasa unaofuata uko wapi, ukamjibu umeuzwa jana kwa mtu wa baiskeli. Kwa miaka kumi sikuwa nimetamani kitu chochote kilichoandikwa, na sasa nilikuwa tayari kumkimbiza mtu wa baiskeli hadi machimbo ya Kamatanda kwa sababu ya mwanamke wa kizungu na kitasa chake. Nikamwambia kuku kwa ukali wote wa mwalimu: "Mwambie Mama asichane tena hata kona!"

Hapo ndipo tulipoanza. Saa kumi za alasiri wewe uko uani na sufuria yako, chini ya dirisha, umeupa ukuta mgongo. Mimi ndani, mgongo wangu upande wa pili wa ukuta huo huo. Nilisoma Kifaransa kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, kuanzia ukurasa wa kwanza. Nilijiambia ninakusomea wewe. Uongo. Asubuhi niliamka nikihesabu saa zilizobaki kufika saa kumi.

Na wewe, Mama, hukuwa msikilizaji mpole. Theluji ilikuudhi tangu mwanzo. "Kuku, uliza mwalimu: ile teluji, banaikula?" Hapana. "Basi iko ya kazi gani?" Mwokaji wa mikate alipomposa Adela, ulipiga sufuria na mwiko. "Ambia ule mwanamuke aolewe na muntu ya mikate! Mikate njo hii. Farasi iko wapi?" Nikakujibu, kupitia kuku, kwamba Adela hakusikii. Ukasema hata wewe unasikia ya Adela na hakuna aliyekuuliza.

Siku mwokaji alipomposa mara ya pili, niliweka kidole kwenye mstari nikingoja habari ya mikate. Haikuja. Nilisikia harufu ya karanga zinazoungua, na wewe hukuwa mtu wa kuunguza hata moja. Halafu ukamwambia kuku, polepole: "Wa kwangu alikwendaka Bukama kutafuta samaki, na kinga yake. Kinga ilirudia. Banailetaka na train. Yeye, hapana."

Sikujua. Miaka yote ya ndoa Umba aliniambia baba yake alikufa, basi. Usiku ndipo aliponieleza kwamba kinga hiyo, baiskeli yake, iliegemezwa ukutani kule Luena, na hukumruhusu mtu kuipanda mpaka mipira ikaoza. Alasiri ile, nyuma ya ukuta, nilikohoa mara mbili. Ilikuwa njia yetu ya kusema pita, nimegeuka, sikuangalii. Nadhani ulielewa.

Kuanzia siku hiyo nilijua kitabu hiki si mchezo. Ulikuwa unataka jambo moja, kujua kama Teofili anarudi. Na majibu ulikuwa umeyauza wewe mwenyewe, pamoja na chumvi.

Nikaanza kuzunguka mji. Mwalimu mzima, tai shingoni, nikiuliza watu kama wamehifadhi karatasi ya karanga. Kwa kinyozi nilikuta ukurasa umebandikwa kwa ncha ya juu chini ya kioo. Alikataa kuubandua, nikausoma nikiwa nanyolewa, ikabidi ninyolewe mara mbili, ya pili akiwa ameuinua kwa kitana, kwa sababu nyuma kulikuwa na ukurasa mwingine. Kule Kamatanda mchimbaji mmoja alikuwa amevuta ukurasa wa 203 na tumbaku yake, lakini aliusoma kwanza, Mungu ambariki, akanisimulia: "Kulikuwa mwanamuke, na mvua ya mweupe, na mbwa alikufa." Mbwa wa Adela! Nilirudi nyumbani nina huzuni ya kweli. Kurasa nyingine, Mama, sitakuambia zilikoishia. Ulikuwa unazijua karatasi laini zinapendwa wapi.

Aliyetuokoa ni Mzee Ramazani mwenye duka, yule wa kutoka Kasongo. Yeye alikuwa mteja wako mkubwa, na karatasi yenye maandishi haitupi chini akaikanyaga, maana huenda jina la Mungu limo. Alikuwa ameziweka juu ya mlango, kumi na kitu, zimekunjwa vizuri, zina mafuta. Akaniamuru ninawe mikono kwanza. Nikanawa. Akaniuliza ni kitabu cha dini gani? Nikasema cha mwanamke anayemngojea mume. Akawaza, akasema basi ni cha dini.

Ya mwisho hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo. Nilikuwa nimefika 230, na matundu hapa na pale, na ukurasa mmoja tu umebaki, ule uliouchana wa kwanza kabisa.

Kisha kikohozi chako kikaacha kuwa ishara kikawa ugonjwa. Ulilala chumba cha ndani, mimi nikasoma nyuma ya pazia. Kuku alipewa ruhusa ya kukaa kwenye mkeka. Nilisoma polepole kwa makusudi. Nilirudia theluji. Niliongeza mikate. Lakini alasiri moja kurasa zikaisha mkononi mwangu, Adela amesikia kishindo nje kabla ya mapambazuko, nawe ukauliza, safari hii bila kumwita kuku kwanza, mara ya pekee katika miaka minne: "Anarudia?"

Nikaendelea kusoma, na hakukuwa na kitu cha kusoma. Nilishika hewa. Nikasema mlango ulifunguliwa, na Teofili alikuwa hapo, mzee, anachechemea, ameshika kamba ya farasi mwekundu. Nikasema Adela hakulia wala hakupiga kelele, alimwambia tu supu iko moto, ingia. Nikasema farasi alipewa mahali. Mwisho.

Nilisikia Umba anatwanga kwa jirani. Halafu: "Kuku. Sikusikie karatasi kugeuka."

Damu ilinipanda usoni kama mwanafunzi aliyekamatwa anaibia mtihani. Miaka kumi na minane nimewanasa wadanganyifu, na nimenaswa na mwanamke asiyejua herufi a, kwa masikio tu.

Ukamaliza hivi: "Lakini njo vizuri. Acha arudie."

Siku ya tatu ulituacha.

Nilibeba jeneza mbele, upande wa kushoto. Watu walipoambiwa wapite kukuaga, nilibaki nje na kuku. Bukwe ni bukwe, na mbuzi sikuwa nimetoa. Watu walisema mkwe ana moyo mgumu. Nilikuwa nakohoa mara tatu, mara tatu, na hakuna aliyenijibu.

Mbuzi amepatikana hivi. Kwa kuwa nimerudi kusoma, nimerudi na kuandika. Kuna mvunja mawe wa Kakontwe ambaye nilimwandikia barua msimu mzima kwa wakwe zake, hadi wakamrudishia mke. Akanipa mbuzi jike, mweusi, miguu myeupe, mwenye kiburi. Njiani alikula sura ya sita iliyokuwa mfukoni mwangu. Kaka yako, Mjomba Monga, alimpokea kwa niaba yako mbele ya ndugu wote, akamkagua meno, akasema sura ya sita ihesabiwe ndani ya mbuzi. Kisha akanigeukia: "Sasa uso inafunguka. Sema na mama yako." Wakaniangalia wote. Nikakohoa tu. Ndiyo maana ninaandika.

Mjomba alinipa kitambulisho chako chenye picha. Nimekuona, Mama. Jicho lako la kushoto ni dogo kuliko la kulia, kama la Umba anapokaribia kucheka. Miaka minne nilijua kisogo chako, unyayo wako, kikohozi chako, na nilikuwa nimekutengenezea kichwani uso mkali kama wa mkaguzi wa shule. Kumbe muda wote ulikuwa karibu kucheka.

Halafu Umba akagawa vitu vyako. Kitenge cha kijani alikibakiza yeye, na pembeni kulikuwa na fundo ambalo wanawake waliokuosha hawakulifungua. Akalifungua. Tumbaku yako ya kunusa, imefungwa kwenye karatasi.

Ukurasa wa 231.

Nimetembea hadi Kamatanda kwa miguu! Nimenyolewa mara mbili! Na karatasi ilikuwa kiunoni mwako, hatua nne kutoka mahali nilipokaa. Ulianza na hiyo, ilikuwa na maandishi machache na nafasi kubwa, ukaona inafaa tumbaku. Nimeisoma nikipiga chafya kila mstari, ndugu zako wakidhani ninalia, na mwishowe walikuwa sahihi.

Adela anafungua mlango. Farasi amesimama kwenye theluji, mwekundu, kweli mwekundu, nilibahatisha. Tandiko liko juu yake. Hakuna mtu.

Basi. Farasi alirudi, Mama. Yeye, hapana.

Mwandishi hakuongeza hata sentensi moja. Mimi ni mwalimu, na nitakuandikia jambo ambalo likisikika nitafukuzwa kazi nisiyolipwa: namshukuru Mungu kwamba hukujua kusoma. Ulibeba maisha yako mwenyewe kiunoni, kwa Kifaransa, ukanusa tumbaku juu yake, na hayakukuuma.

Sasa kila Jumamosi alasiri ninasoma kitabu chetu mbele ya kigoda chako. Karani wa posta anakuja, Mzee Ramazani anakuja na mikono iliyonawa, kinyozi ameubandua ule ukurasa na kuuleta mwenyewe. Wiki ijayo tunafika mwisho, na tangu jana wananiuliza njiani: mwalimu, anarudi?

Nimechukua kalamu nyekundu ya kusahihishia. Chini ya maneno ya mwandishi kulikuwa na ile nafasi kubwa nyeupe, yenye madoa ya tumbaku tu. Nimeandika humo Teofili anayechechemea, kamba mkononi, na supu, na mahali pa farasi. Mstari mmoja nimeuendeleza upande wa nyuma. Nakuahidi, nikiwa hai na nina macho, katika mji wa Likasi mtu huyo atarudi kila mara kitabu hiki kitakaposomwa. Nitakuja kukisoma kaburini kwako pia, uso kwa uso, nitakaa mbele yako, si nyuma ya kitu.

Lala salama, Mama. Kuku anakusalimu, kwa maneno yake mwenyewe.

Nimefika chini ya ukurasa. Sikiliza vizuri sasa, kwa yale masikio yako: ninaugeuza.

Mkweo,
Banza